Bibi Harusi Asiyekuwako Chumbani

Kilichomtisha Swafia asubuhi ile hakikuwa maswali. Maswali alikuwa ameyasomea kwa wiki kumi na mbili, mtoto akilala, sahani zikimngoja. Kilichomtisha ni kwamba alitakiwa akae saa moja na nusu ndani ya nyumba ya Mji wa Kale bila ya kuzungumza na mtu wala kuzungumzishwa.

Mtihani ulikuwa wa mtandaoni, wa kumalizia kozi ya stadi za kazi: namna ya kuandika barua za ofisini, namna ya kupanga wakati, namna ya kumtuliza mteja aliyekuja juu. Chuo kikuu alikuwa mwaka wa tatu, masomo ya jioni, na kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, yenye ofisi yake Ganjoni, ilikuwa imekubali kumpa nafasi ya mafunzo kazini, ile wanafunzi wenzake wanayoiita atachimenti. Sharti lilikuwa moja: cheti cha kozi hiyo kiwafikie kabla ya saa kumi alasiri, siku ya Alhamisi. Na leo ndiyo Alhamisi yenyewe. Kikichelewa, nafasi inakwenda kwa mwengine, na Swafia anangoja mwaka mzima.

Programu ya mtihani ilikuwa na macho na masikio. Ukitazama pembeni, kamera inakuona, unapewa onyo. Ikisikika sauti ya mtu chumbani, iwe yako au ya mwengine, unapewa onyo; mazungumzo ya ukumbini yangezuiwa na unene wa mlango, kelele zisingezuiwa. Onyo la tatu halikuwa onyo tena. Mtihani unafungwa na mlango wake haufunguki. Aliyeitunga sheria hiyo, Swafia aliwaza, hajapata kuishi katika nyumba ambayo dirisha lake na la jirani yanapeana chumvi.

Na hii ilikuwa mara yake ya pili na ya mwisho. Mara ya kwanza alimwambia kila mtu, kila mtu akaja kumtakia heri, mmoja akaja na kaimati, na katikati ya heri hizo mtandao ukakatika. Bi Mahfudha, mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, alisema palepale kuwa ni kijicho. Swafia hakuwa na hakika na kijicho, lakini safari hii hakutaka kubahatisha.

"Mama, leo usimwambie mtu kama nafanya mtihani," alimwomba. "Hata mmoja."

"Mimi?" alisema Bi Mahfudha. "Mwanangu, mimi nikifunga mdomo, umefungwa."

Alikubali kwa furaha kubwa mno, na hapo ndipo Swafia angepaswa kuingiwa na wasiwasi. Bi Mahfudha alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei, mwenye mapenzi ya kuoga nayo na ulimi usiopenda kukaa bure. Aliweka kiti ukumbini, mbele ya mlango wa chumba, akampakata mjukuu wake Nabiha wa miaka miwili, akachukua tasbihi, akakaa kama askari wa benki. Zakariya, mumewe Swafia, alikuwa keshakwenda Mwembe Tayari, kwenye kibanda anachokatia tikiti za mabasi ya bara. Swafia alifunga dirisha, akatia chembe ya udi kwenye chetezo ili moyo utulie, akavaa buibui lake jeusi kwa ajili ya kamera, na saa nne kamili akabonyeza pa kuanzia.

Maswali yalikuwa arubaini. Kumi ya mwanzo aliyameza. La kumi na moja lilimtaka aeleze dalili za mfanyakazi asiyeweza kuelekeza fikira zake mahali pamoja, na ndipo chini ya mlango vikapenya vidole vinne vidogo, vikaanza kupapasa sakafu kama vinatafuta kitu kilichopotea. Vidole vya Nabiha. Swafia alijua kamera inamtazama. Alijua kabisa. Lakini vidole vile vilikuwa na unga wa biskuti kwenye ncha, na macho ya mama yakaenda yenyewe.

Onyo la kwanza, kioo cha kompyuta kiliandika kwa wekundu.

Alirudisha macho upesi, vidole vikavutwa nje na mkono wa bibi, na kwa nusu saa nzima mambo yakaenda kama yalivyopangwa. La ishirini. La ishirini na saba. Jasho lilimtiririka ndani ya buibui, naye hakuthubutu kujipangusa asije akaonekana kama anamkonyeza mtu. Alikuwa kwenye swali la thelathini na moja wakati mlango wa nje uliposukumwa na sauti nyororo ikaita kutoka kizingitini:

"Hodi wenyewe."

"Karibu," alisema Swafia.

Hakutaka kusema. Wala hakujua kama amesema mpaka aliposikia. Miaka ishirini na sita ya kuitikia hodi haiwezi kuzuiwa na programu, na mdomo ulikwisha kufanya adabu yake kabla ya akili kufika.

Onyo la pili, kioo kiliandika. Likitokea jengine, mtihani utafungwa.

Swafia aliuma leso yake. Kule ukumbini alikuwa amekwisha kuingia Bi Mwanarusi, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye habari haikupata kumpita bila ya kukaribishwa kitako. Alikuwa amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Salamu zikaanza, na zilikuwa salamu za kweli: za asubuhi, za afya, za watoto, za waliosafiri, za mguu wa Bi Mahfudha, mpaka za paka. Kisha Bi Mwanarusi akamuulizia Swafia.

"Swafia katoka," alisema Bi Mahfudha.

Bi Mwanarusi aliutazama mlango wa chumba uliofungwa.

"Katoka," alirudia Bi Mwanarusi. "Na huyo alonikaribisha ni nani?"

Mwengine angesema ukweli. Lakini Bi Mahfudha alikuwa ameahidi, na ahadi kwake ilikuwa ahadi hata ikimlazimu aseme uongo. Kwamba Swafia ni mgonjwa hakuweza kusema, kwa kuwa mgonjwa huzuriwa, na kufika adhuhuri chumba kingejaa wageni. Alinusa hewa. Udi ulikuwa ukipita chini ya mlango, mzuri, wa harusini hasa.

"Ni bibi harusi," alisema. "Yuwasingwa mwili kwa liwa."

Ndani, Swafia alisoma swali la thelathini na mbili mara tatu asilielewe.

"Bibi harusi aitikia hodi?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Wa siku hizi hao."

"Na ni wa nani?"

"Sikupewa ruhusa kutaja."

Bi Mwanarusi hakuuliza tena, na hilo ndilo lililomtia Swafia baridi. Alimsikia akichukua mbuzi yake, akiaga kwa upole, akitoka. Alimjua. Alijua kabisa namna mambo yanavyopangwa katika kichwa kile. Nyumba hii haina msichana wa kuozwa; mabinti wa Bi Mahfudha wote wameolewa, tena mbali. Mwanamume wa nyumba hii ni mmoja, Zakariya. Mkewe Zakariya katoka, hakusemwa kaenda wapi. Na ndani ya chumba cha Zakariya mna mwanamke mgeni, anafukizwa udi mchana, na mama mtu ndiye anayelinda mlango.

Swafia alijibu swali la thelathini na tatu, la thelathini na nne. Kabla ya la thelathini na sita, majirani wawili walikuwa wamefika, wakifuatana na Bi Mwanarusi, na mmoja ameshika sinia la liwa iliyosagwa, ya kumpaka bibi harusi, na chupa ya marashi. Walikuwa na hasira, wala hawakuificha. Lakini hasira ni hasira na harusi ni harusi, na hakuna aingiaye kumtazama bibi harusi mikono mitupu. Waliketi kwenye mkeka. Kupitia mlangoni Swafia alijisikia akililiwa akiwa hai: Swafia maskini, mtu na heshima zake, mtoto wake hata maziwa hayajamkauka mdomoni, jioni yuwakwenda kusoma ili amsaidie mume, na malipo yake ndiyo haya. Mmoja akasema amemwona juzi sokoni na alikuwa amekonda. Swafia, ambaye tangu mwezi uliopita sketi zilikuwa zikimbana, karibu acheke, akajifinya paja.

Tasbihi ya Bi Mahfudha ilikuwa ikizidi kwenda mbio.

Lakini jambo baya zaidi alikuwa amekwisha kulifanya Bi Mwanarusi kwa simu. Alimpigia Aidarus, kaka yake Swafia aliyeko Bondeni, kumuuliza kama dada yake amefika salama. Amefika kutoka wapi, aliuliza Aidarus. Basi akaambiwa. Aidarus alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole wa kazi zake, ila kwa dada yake huyu mmoja upole ulikuwa na mpaka. Swafia alipobonyeza jibu la swali la arubaini, alisikia pikipiki ikizimwa uchochoroni na viatu vya kaka yake vikipanda ngazi mbili mbili.

"Dada yangu yuwapi?" alisema Aidarus.

"Aidarus, mwanangu, kaa kitako upoe," alisema Bi Mahfudha.

"Sikai, Mama. Nimempigia Zakariya njiani. Nimemuuliza, haya ninayoyasikia ni kweli? Kanambia kwa mdomo wake: ndio, ni leo, tumeingojea siku hii mwaka mzima. Akanambia, tulitaka tusimwambie mtu mpaka imalizike. Tena kanambia niwaombee dua."

Wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja. Swafia alifumba macho, akakumbuka kamera, akayafumbua. Zakariya maskini alikuwa akizungumza habari za mtihani. Alikuwa amejawa na furaha, na kila alichokisema kilikuwa kweli.

"Huyo alomo ndani atoke," alisema Aidarus. "Nataka kumwona uso kwa uso nimuulize dada yangu kawekwa wapi. Asipotoka, naubisha mlango huu mpaka nyumba isikie."

Akisogea hatua tatu, akigonga mara moja, akiita jina moja tu kwa sauti ile, kazi ya wiki kumi na mbili imekwisha. Swafia alikaa pale, vidole juu ya kibao cha kompyuta, akiusikiliza mustakabali wake ukivuta pumzi upande wa pili wa mbao.

Lakini mambo ya watu wa Mji wa Kale hayaendi moja kwa moja. Wanawake walewale waliokuja kumlaani bibi harusi waliinuka wote watatu wakamzuia Aidarus. Hapiti mwanamume, walimwambia. Awe mwizi wa waume, awe nani, akishatawishwa, akawekwa ndani, hatazamwi na mwanamume asiye wake. Aidarus akasema yeye hataki kumtazama, ataka kumuuliza. Wakamwambia aulize kwa maandishi. Wakabishana hapo, na katika kubishana huko Swafia akapata sekunde alizozihitaji.

Maswali yalikwisha pokewa. Ilibaki sehemu ya mwisho, ya kuzungumza: dakika mbili mbele ya kamera, kwa Kiingereza au kwa lugha ya wateja wako, na jibu husikilizwa baadaye na mtahini, binadamu hasa. Mada zilikuwa tatu, uchague moja. Ya kwanza ilikuwa kujitambulisha kwa mwajiri, na hiyo Swafia alikuwa ameihifadhi kwa Kiingereza, aya baada ya aya, akiisoma hata alipokuwa akimwogesha Nabiha. Ya pili ilikuwa mteja aliyepotelewa na mzigo. Ya tatu ilisema: Habari isiyo ya kweli imewafikia wateja wako, nao wamekuja mlangoni kwa hasira. Zungumza nao.

Swafia aliitazama ya kwanza, aya zake zote nzuri. Kisha akabonyeza ya tatu.

Kwenye sehemu hii sauti yake iliruhusiwa. Sauti ya mwengine bado ilikuwa onyo. Alinyoosha mgongo, akaitazama kamera sawasawa, na akapaza sauti mpaka ikapenya mlango.

"Assalamu alaikum. Jina langu ni Swafia binti Abdulbasit."

Ukumbini pakanyamaza kama pamemwagiwa maji.

"Kwanza nawaomba radhi kwa kuwaweka mlangoni bila ya maelezo. Najua mmekuja kwa mapenzi. Habari mliyopewa si ya kweli. Humu ndani hamna bibi harusi. Nimo mimi peke yangu, na kompyuta, na udi ambao sasa najuta kuuwasha. Nimo katika mtihani. Mtihani huu ukisikia sauti ya mtu mwengine zaidi ya yangu, unafungwa, na ukifungwa nakosa kazi niliyoihangaikia mwaka mzima. Kwa hivyo nawaomba mbaki kimya mpaka niwaambie. Najua naomba kitu kikubwa, na kwa wengine wenu ni kikubwa zaidi."

Hakuna aliyekohoa.

"Aliyewapa habari ile hakuwa na nia mbaya. Mimi ndiye niliyemwomba asiseme ukweli, naye akasaidia kuliko nilivyomwomba. Kosa ni langu. Kaka yangu namshukuru kwa kuja mbio. Nguo zangu zimo kabatini na hazendi kokote. Mume wangu hana mke wa pili. Alichomwambia kaka yangu kwenye simu ni habari ya mtihani, na akirudi nyumbani asiguswe. Siku akitaka wa pili, nitawajulisha mapema mimi mwenyewe, ili kila mtu apate nafasi ya kusaga liwa bila ya haraka."

Zilibaki sekunde ishirini. Nyuma ya mlango sauti ndogo ikaanza, "Ma." Lakini haikufika mbali. Ilikatika katikati, ikafuatwa na kimya cha mtoto anayetafuna. Baadaye aliambiwa ni Aidarus, aliyemtia mpwa wake tende nzima mdomoni kwa wepesi wa mtu wa kuziba bomba linalovuja.

"Nawashukuru kwa subira yenu," alimalizia Swafia. "Mkiwa na maswali, nitayapokea yote, mmoja mmoja, nikishafungua mlango."

Kioo kikaandika kwamba majibu yake yamepokelewa na matokeo yatatumwa baada ya mtahini kusikiliza. Onyo la tatu halikuja.

Alipofungua mlango, macho yake yalikuwa mekundu kwa kutopepesa saa nzima, na wote waliyatazama kwa huruma ileile, maana mtu akishaamua kukuhurumia haachi upesi. Aidarus alimshika kichwa, akamtikisa kidogo. Bi Mahfudha alisema kwamba kila alilolifanya alilifanya kwa ajili ya ahadi, na ambaye hapendi asimpe tena siri ya kuweka. Bi Mwanarusi alimkumbatia Swafia, akamwambia yeye tangu mwanzo hakuamini. Kisha akaingia chumbani, akainama polepole, akatazama chini ya kitanda.

"Hamna mtu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Zakariya aliwasili saa saba, amebeba kilo ya halwa. Asubuhi nzima watu walikuwa wakimpigia simu, wengine kumpongeza, wengine kumwuliza kama haogopi Mungu, naye kila mmoja alimjibu alhamdulillahi. Ilibidi aketishwe na kuelezwa tangu mwanzo. Alipoelewa, aliiweka halwa chini pole pole, akasema abiria mmoja wa Nairobi alikuwa amempa mkono na kumwambia yeye ni mwanamume shujaa, na yeye akamshukuru.

Sasa likabaki suala la liwa. Ilikwisha sagwa na ilikwisha changanywa na marashi, ikarudishwe wapi? Wanawake walisema haijapata kusikika liwa ya harusi kuingia nyumba na kutoka bila ya kupakwa mtu. Swafia aliwaambia hana nafasi, anangoja matokeo, zimebaki saa mbili na nusu ofisi ifunge. Walimwambia kungoja kunafanyika hata mtu akiwa amepakwa. Wakamvua buibui, wakamlaza mkekani chumbani, mlango ukafungwa, wakaanza kumsinga mikono, miguu na uso, mmoja akimwimbia kwa sauti ya chini na wengine wakimsahihisha maneno. Kompyuta ikapelekwa ukumbini kwa Zakariya, Aidarus akimchungulia begani.

Saa tisa na dakika kumi Zakariya akaita kutoka nje kwamba kuna barua.

"Isome," alisema Swafia. Liwa ilikuwa imemkaukia, hata midomo ilikuwa mizito. Mkono wa Bi Mahfudha ulisimama juu ya mguu wake.

Zakariya akasoma pole pole, kama mtu anayehesabu viti vya basi. Sehemu ya maandishi, sabini na mbili kwa mia. Ya kupita ilikuwa sabini. Sehemu ya kuzungumza, tisini na nne, na chini yake mtahini, mama mmoja aitwaye Nasipwondi, alikuwa ameandika maneno yake mwenyewe.

"Mtahiniwa amewakabili wateja wagumu kwa heshima na uwazi," alisoma Zakariya. "Ameigiza vizuri hata nikaamini watu wako mlangoni. Namshauri apunguze ahadi kuhusu harusi zijazo."

Bi Mwanarusi aliuliza wateja wagumu ni kina nani.

"Na cheti?" aliuliza Swafia.

"Kipo hapa, kimeambatana na barua."

"Kitume. Anwani ya kampuni nimeiandika kwenye karatasi iliyo chini ya kompyuta. Soma herufi moja moja, usikimbilie. Aidarus, mtazame."

Walisikia vidole viwili vya Zakariya vikigonga kibao, na Aidarus akimsahihisha. Kisha Aidarus akasema kimekwenda, na Swafia akalaza kichwa mkekani, akaacha machozi yatoke mawili matatu, yakachora mistari miwili katika manjano ya liwa. Bi Mahfudha akayaziba na liwa nyengine, akimwambia asiharibu kazi ya watu.

Jibu la kampuni lilikuja kabla ya saa kumi, mistari mitatu tu ya kumkaribisha kazini, na Zakariya aliisoma mara mbili kwa sababu ya furaha. Halafu akagonga mlango.

"Naweza kuingia sasa?"

"Huwezi," alisema Bi Mwanarusi.

"Chumba changu, na mke wangu."

"Bibi harusi haonwi kabla ya siku yake."

"Hiyo siku yake ni lini?"

Bi Mwanarusi akamtazama Swafia, na Swafia, kwa midomo yake mizito, akajibu mwenyewe:

"Jumatatu, saa mbili asubuhi, Ganjoni."